Upepo Kidogo wa Newala

Ukitaka kumjua mtu wa Masasi aliyepanda Newala kwa mara ya kwanza, usimwulize. Mtazame anavyokaa. Atakaa amejikunja kama jongoo aliyeguswa, mikono kwapani, na ukimpa chai atakikumbatia kikombe kwanza, kunywa baadaye. Mimi nilikaa hivyo mwaka alioolewa mjukuu wangu, tangu nilipofika mpaka nilipoondoka, na kwa kukaa hivyo nikapewa jina. Nilikwenda mtu na heshima zangu, nikarudi naitwa Bibi Koti.

Kosa halikuwa langu peke yangu. Siku chache kabla ya harusi ile alinipigia simu bibi yake bwana harusi, mama wa Kimakonde mwenye sauti ya sufuria linalosuguliwa kwa mchanga. Akaniambia, "Mkwe, chagua nguo vizuri. Huku kwetu kuna upepo kidogo."

Upepo! Mimi ni Myao, nimezaliwa Masasi na kuzeekea hapo hapo, mtaa wa Mkomaindo, pale ambapo kila kabila linapita na kila mtu anajibiwa kwa Kiswahili. Shule niliishia darasa la nne, lakini Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha wengi waliofika mbele. Upepo ni kile kitu kinachopeperusha nguo. Basi nikanunua pini. Kopo zima la pini, zile kubwa za kubania nepi za watoto. Nikalijaza begi langu kubwa la shangazi kaja khanga nyepesi nzuri nzuri na vitambaa vya kichwa, nikasema, haya, upepo, njoo tuonane.

Kumbe yule bibi alikuwa anasema Kimakonde kwa maneno ya Kiswahili. Kwao, kama ilivyo kwetu Wayao, upepo na baridi havijaachana. Sisi tunasema mbepo. Miti ikiyumba ni mbepo, meno yakigongana ni mbepo vilevile. Myao mzima mimi, nikajitia Uswahili, nikasahau lugha niliyonyonya.

Nilishuka Newala asubuhi ya kipupwe. Ukungu umelala barabarani, mbuzi huwaoni, unasikia tu wanakohoa. Khanga zangu zote zilikuwa zimebanwa pini barabara, hakuna hata moja iliyopepea, na mimi ndani yake natetemeka mpaka pini zinalia. Yule bibi aliniangalia juu mpaka chini, akaingia ndani akatoka na koti. Koti la marehemu mumewe. Zito, la kijivu, linanuka tumbaku, mikono yake inanifika kwenye kucha. Nilikataa mara moja tu, tena kwa sauti ndogo. Nikalivaa.

Nililivaa jikoni, nikalivaa kanisani, nikalivaa kwenye picha. Mkizitazama picha za harusi ile, pembeni ya bibi harusi amesimama mlinzi wa zamu. Yule mlinzi ni mimi.

Siku ya kuondoka nilivua koti, nikalikunja, nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili na asante juu. Kwa hasira hata kopo la pini nililisahau huko, na sikulidai. Lakini moyoni niliapa: bega langu haliingii tena ndani ya koti lile, hata Newala igande yote.

Basi mwaka jana mjukuu wangu akajifungua. Mtoto wa kiume, kitukuu wangu wa kwanza, na msinicheke nikisema ni mzuri, maana hata waliokuja kumwona wakiwa na nia ya kusengenya walishindwa. Ubatizo ukapangwa katikati ya kipupwe, wakati watu wanapulizia salfa mikorosho na Newala ndiyo inajua kweli kuwa iko juu.

Mjukuu akanipigia simu. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya kama analipwa. Bibi, nataka wewe ndiye umbebe kuingia naye kanisani. Nimeshawaambia."

Hapo ilibidi nikae chini. Mjukuu huyu nilimlea mimi. Mama yake, binti yangu, alikuwa anahangaika na maisha Mtwara, na mtoto akakulia kwenye mgongo huu. Nilipalilia naye, niliteka maji naye, nilicheza ngoma naye amelala huko nyuma kichwa kinayumba. Sasa ananiambia nimbebe mwanawe mbele ya watu wote.

"Na hao wenzako wamekubali?" nikauliza.

"Bibi wa huku anasema atakupima kwanza."

"Anipime nini? Malaria?"

"Mikono, bibi." Akanieleza. Katika nyumba ile mtoto mchanga hapokewi na mikono ya baridi. Ukitaka kumshika, unampa kwanza mikono mkubwa wa nyumba, anaikamata, akiona ina joto ndiyo unapewa mtoto. Hiyo ni sheria yao, na mkubwa wa nyumba ndiye yule yule mwenye koti. "Anasema Bibi Koti akija anatetemeka, mtoto atambeba yeye. Wewe utakaa jikoni uote moto."

"Mwambie nakuja," nikasema. "Na mwambie koti lake awape nondo walile, mimi silihitaji."

Sasa kusema ni kazi ya mdomo. Kufungasha ni kazi nyingine. Nikamwita mdogo wangu, ambaye anauza mitumba sokoni na anajiona daktari wa nguo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Niletee masweta."

"Masweta, Masasi hii?" Akacheka mpaka akashika mlango. "Nani ananunua sweta hapa, dada, ili alikaange? Nilikuwa nayo mawili. Moja nimelifanya ngata ya kubebea ndoo."

"Lete lililobaki. Na hiyo ngata ifue."

Tukatandika mkeka, tukamwaga kabati lote. Shida ya Newala si baridi tu. Ingekuwa baridi tu ningejifunga blanketi nikamaliza. Newala asubuhi ni ukungu, mchana jua linakuchoma utosi, alasiri upepo unatoka kule kwenye bonde la Shimo la Mungu unataka kukung'oa, jioni ukungu unarudi kuulizia kama bado upo. Mara manyunyu, na hayakualikwa. Inabidi ubebe nguo za miji minne, na mimi nilikuwa na mikono miwili: mmoja wa begi, mmoja wa jogoo. Kwa wakwe huendi mikono mitupu. Shangazi kaja nililikataa kabisa. Lile liliniaibisha mara ya kwanza, kubwa kama ng'ombe na ndani hamna joto hata la kumtosha panya.

"Begi dogo hili," nikasema, "na kila kinachoingia kieleze kazi yake."

Gauni la kitenge la kanisani likaingia, halina mjadala. Khanga mpya jozi moja ya kumpa mzazi. Mdogo wangu akachomeka gauni la satini.

"Hilo la nini?"

"Kupendeza, dada."

"Napendeza nikiwa hai. Toa."

Halafu nikachukua khanga yangu moja kuukuu, iliyofuliwa mpaka maneno yake yamefutika. Mdogo wangu akasema hilo ni dekio. Nikamwambia afunge mdomo. Khanga hiyo ndiyo nilimbebea mjukuu wangu. Imekuwa laini kama sikio la mbuzi mchanga, na nilitaka kitukuu alale humo humo alimolala mama yake. Ikaingia, ikakaa juu kabisa.

Begi likajaa na masweta yako nje yanatutazama.

"Dada," akasema mdogo wangu, "umewahi kuliona hindi shambani limebeba begi?"

"Umeanza."

"Hindi linavaa. Ganda juu ya ganda. Jua likija linatulia, baridi ikija linatulia. Vaa zote. Ukisikia joto unamenya moja, ukisikia baridi unarudisha."

Sikupenda kwamba amesema neno la maana, lakini amelisema. Hapo akapata kiburi, akachomoa kwenye mzigo wake suruali ya traksuti, ya buluu, yenye mistari myeupe ubavuni na mifuko miwili mikubwa.

"Na hii chini ya gauni."

"Mimi? Mama wa kanisani, bibi wa watu, nivae suruali?"

"Nani atakufunua?"

Nikaitazama. Nikaishika. Ilikuwa nzito, na ndani ina manyoya manyoya kama kifaranga. Nikakumbuka meno yangu yalivyogongana mwaka ule. "Geukia ukutani," nikamwambia, "nijaribu."

Alipogeuka tena nilikuwa na gauni juu na hakuna kilichoonekana. Akapiga vigelegele. Kisha, kwa ujeuri wake, akaniuliza, "Na pini je, dada? Hubebi pini?" Nikamrushia kandambili, akakimbia nayo mpaka barabarani.

Siku ya safari nilivaa kila kitu. Suruali, gauni, sweta, sweta la pili, khanga mbili, kilemba. Masasi asubuhi ile jua lilikuwa limetoka mapema kama lina deni na mimi. Dereva alinitazama nikipanda, akauliza kwa upole, "Bibi, unapelekwa hospitali?"

"Napelekwa kwenye ubatizo. Endesha."

Tulipofika Chiungutwa nilikuwa nimeiva. Jasho linatoka kwenye kilemba linaingia machoni, jogoo mapajani amefungua mdomo anahema, na mama mmoja jirani yangu akawa anatupepea wote wawili kwa zamu. Akaniambia nivue. Nikamwambia nikivua hapa sitakumbuka nini kinakaa juu ya nini. Gari likaanza kupanda mlima, upepo ukaingia dirishani, mara huyu anafunga kifungo, mara yule anatafuta mtandio. Yule mama aliyekuwa akinipepea akaanza kujifunga khanga mabegani. Nikatazama nje tu, kama mtu mwenye akili.

Nikashuka Newala tayari kwa vita. Na Newala, kwa roho mbaya yake, ilikuwa na jua! Jua kali, mbingu buluu, nguo zinakauka kwenye kamba. Yule bibi alikuwa amekaa uani na khanga moja nyepesi, anamenya muhogo. Aliponiona akaweka kisu chini.

"Karibu, Bibi Koti! Umekuja peke yako au na ndugu zako wamo humo ndani?"

"Asante, mkwe. Na baridi yenu vipi, mmeiuza?"

"Imekwenda kuchota maji. Itarudi."

Akanipokea jogoo, akamtazama machoni. "Huyu naye umemvika nini?" Watoto wa jirani wakaanguka kwa kicheko. Mjukuu wangu akatoka ndani, amenenepa uso, amebeba kitukuu wangu. Nikanyoosha mikono. Ilikuwa inawaka kwa joto, ungeweza kuchemshia uji.

"Ipime," nikamwambia mwenzangu. "Ipime sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Leo kila mtu ana mikono ya moto, hata huyu kuku. Jumapili asubuhi, mkwe. Jumapili ndiyo nitakupima. Leo mtazame kwa macho."

Nilimtazama kwa macho. Kuna adhabu nyingi duniani, lakini mtoto mchanga kupiga miayo mbele yako na wewe huruhusiwi kumgusa, hiyo ni ya pekee.

Jumapili niliamka, nikatazama dirishani, sikuona dirisha. Baridi ilikuwa imerudi kutoka kuchota maji. Ukungu ulikuwa unapita mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi. Nikavaa maganda yangu yote, moja baada ya jingine, taratibu. Kifua kikapata joto. Miguu, Mungu ambariki mdogo wangu na traksuti yake, ikapata joto. Nikatembea, nikarukaruka kidogo, nikajisikia msichana. Kisha nikajishika shavu, nikashtuka. Mikono ilikuwa kama samaki wa kwenye barafu.

Mkeka mzima wa nguo tulimwaga, tukazihoji moja moja, na hakuna aliyekumbuka mikono! Nikaisugua. Nikaiweka kwapani. Inapata joto, nikiitoa inapoa kabla sijamaliza kushukuru. Na kule sebuleni nasikia sauti ya sufuria, "Mkwe yuko wapi? Tunachelewa."

Nikatoka mlango wa nyuma, nikaingia jikoni. Binti yangu, aliyekuwa ametangulia huko kumlea mzazi, alikuwa anaepua chungu cha ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini tunavyovipenda watu wa kusini, vinatoa moshi.

"Mama, ngoja nikuwekee kwenye sahani."

"Sili," nikasema. "Geuka huko."

Nikafunua gauni, nikatia ming'oko ya moto kwenye mifuko ya traksuti, huku na huku. Nikapitisha mikono chini ya khanga, nikaishika ile ming'oko juu ya gauni. Lo! Joto lilipanda mpaka mabegani. Binti yangu alikuwa amegeuka kweli, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nikaingia sebuleni natembea kama askari. Mwenzangu amesimama katikati, mjukuu wangu pembeni yake na mtoto, watu wa nyumba wametuzunguka.

"Nipe mikono, mkwe."

Nikampa. Akaikamata kwa nguvu, akaigeuza, akaipeleka shavuni kwake. Akaniangalia. Nikamwangalia.

"Moto," akasema, kama mtu aliyeng'olewa jino. Kisha pua yake ikacheza. Akanusa kiganja kimoja, akanusa cha pili. "Lakini inanuka ming'oko."

"Mimi ndivyo ninavyonuka."

"Mwaka ule hukunuka hivi."

"Mwaka ule ulininusa tumbaku ya koti lako."

Na mng'oko mmoja, usio na adabu, ukachomoka mfukoni, ukateleza ndani ya gauni, ukatokea mguuni, ukalala sakafuni baina yetu unatoa moshi. Sijawahi kusikia nyumba ikicheka vile. Mjukuu wangu ilibidi akae asimwangushe mtoto. Mwenzangu aliinama, akauokota, akaumenya, akaula. Alipomaliza akafuta vidole.

"Sheria ni mikono ya moto," akasema. "Sheria haikuuliza moto umetoka wapi. Mpeni mtoto wake."

Nikapewa. Nilipompokea nikahisi uzito unaozidi wa mtoto. Alikuwa amefungwa kijiblanketi cha kijivu, kimezungushiwa utepe mweupe pembeni, kimeshonwa vizuri. Nikakishika kwa vidole. Nikainama nikakinusa. Kilikuwa kimefuliwa sana, lakini tumbaku haifutiki yote.

"Hili ni lile koti," nikasema.

"Ndilo. Mwenyewe amelala, wewe umesema hulihitaji, nikalipeleka kwa fundi akalikata. Nikaona limpate mtu asiyejua kukataa."

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa amevaa khanga mbili tu, moja juu ya nyingine, na mabega yake, aliyoyakaza kwa kiburi, yalikuwa yanatetemeka kidogo kidogo. Bibi wa Newala, mwenye baridi yake! Nikamrudishia mama mtoto wake kwa dakika, nikamenya ganda langu la juu, lile sweta la pili.

"Vaa."

"Silitaki."

"Mabega yako yanalitaka. Nayaona."

Akalichukua. "Naazima tu."

"Azima. Si ndivyo tunavyoanza? Kesho utaitwa Bibi Sweta."

Akalivaa. Lilikuwa ile ngata ya mdogo wangu iliyofuliwa, lakini hilo sikulisema, na nawaomba nanyi msimwambie.

Nikamlaza kitukuu kifuani, koti lake ndani, khanga yangu kuukuu juu, nikamfunika. Akafungua jicho moja, akanitazama, akalifunga. Tukatoka. Njia nzima alilala, na mimi sikuhisi baridi, wala joto, wala miguu yangu.

Tulipofika mlango wa kanisa ukungu ukapasuka, na nyuma yake ukaja upepo. Si mbepo ya kutetemesha. Upepo wa Kiswahili, ule nilioujia na kopo zima la pini mwaka ule. Uliingia chini ya gauni langu, ukalinyanyua, na mimi mikono yote miwili ina mtoto. Waumini wa Newala, wakubwa kwa wadogo, wakaiona traksuti ya buluu yenye mistari myeupe. Mzee mmoja aliyeshika kitabu cha nyimbo alikifungua ghafla akakisoma kichwa chini.

Ningefanya nini? Ningelishika gauni, ningemwachia mtoto. Nikasimama. Gauni likapepea kama bendera, nami nikamkumbatia kitukuu wangu.

Nikasikia mtu anapiga magoti nyuma yangu, magoti yanalia kama ya kwangu. Mkono ukavuta gauni chini, ukalikunja pamoja na khanga, na kitu kikafungwa kwa mlio mdogo ninaoujua. Kisha kingine upande wa pili. Nikageuza shingo. Mwenzangu alikuwa na kopo langu la pini mkononi.

"Hizo si zangu?" nikasema.

"Zako. Zilinisaidia kwenye nepi. Simama wima, usimwamshe kitukuu wetu." Akabana ya mwisho, akashika bega langu akajiinua, akavuta sweta likae sawa. "Na si nilikwambia, mkwe? Nilikwambia mwaka ule ule. Huku kwetu kuna upepo kidogo."

Tukaingia.